Tusimsahau karani William Still

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila yanapozungumzwa mapambano ya kukomesha utumwa Marekani, hutajwa Harriet Tubman na Frederick Douglass, na wanastahili. Lakini mimi niliyekaa masjala miaka mingi nina mtu wangu mwingine: karani William Still.

Alizaliwa New Jersey mwaka 1821, kitinda mimba wa watoto 18. Baba yake, Levin, alijinunua kutoka utumwani. Mama yake alitoroka Maryland, akakamatwa, akatoroka tena. Safari hiyo ya pili alibeba mabinti wawili tu; wavulana wawili, Levin na Peter, wakabaki na kuuzwa mbali. Naye ili asisakwe akabadili jina: Sidney akawa Charity.

Mwaka 1847 Still akapata kazi katika ofisi ya chama cha kupinga utumwa mjini Philadelphia, kwa dola 3.75 kwa wiki. Siku moja ya Agosti 1850 akaingia mtu mzima kutoka Alabama, aliyekwisha kujikomboa kwa fedha zake, anatafuta wazazi wake. Alichokuwa nacho ni majina mawili tu: baba Levin, mama Sidney. Mfikirie karani yule mezani pake! Jina ambalo mama yake alilizika miaka 40 na zaidi, leo linatamkwa na mgeni. Huyo alikuwa Peter, kaka yake ambaye hajawahi kumtia machoni. Na mama yao alikuwa bado hai.

Tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Still aliona kuwa hata watu hupotea hivyo hivyo. Akazidi kuwahoji watumwa watoro waliopita mikononi mwake wakitafuta msaada wa kufikia uhuru, na kuandika: jina la zamani, jina jipya, umri, bwana aliyemkimbia, ndugu aliowaacha. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, kwani sheria ya mwaka 1850 iliruhusu watoro kusakwa hata katika majimbo yasiyo na utumwa, na karatasi zile zingeweza kumfunga yeye na kuwarudisha wao minyororoni. Alizificha katika jengo la makaburini. Mwaka 1872, utumwa ukiwa umekwisha, akazichapisha kitabu kizima, na mpaka leo wajukuu wa watoro wale huwatafuta wazee wao humo.

Jambo moja zaidi litakufurahisha wewe mhariri. Mwaka 1859 Still aliandika barua gazetini kulalamika kwamba watu weusi hawaruhusiwi kukaa ndani ya magari ya abiria ya Philadelphia yaliyokokotwa na farasi. Hakuchoka mpaka sheria ya kuwaruhusu ilipopita mwaka 1867.

Ombi langu ni kwa walimu wa historia wanaosoma ukurasa huu: mpeni Still japo kipindi kimoja. Anzeni na siku ile aliposikia jina la Sidney.

Karani mstaafu,
Morogoro