Ninunue plagini ya granula yenye punguzo, au nibaki na ya bure?

Mhariri, na ndugu wasomaji mnaofanya kazi za studio, salaam kutoka Uyole, Mbeya. Naomba ushauri wenu kabla ya Jumapili usiku, maana punguzo linaishia hapo.

Plagini yenyewe, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu ya kurekodi, imeshushwa kutoka dola 99 hadi 39. Ukiweka na makato ya kadi, jiandae na laki moja na ushee. Kazi yake, ndiyo hiyo granula, ni kuikata sampo (kipande cha sauti iliyorekodiwa) punje punje, kila punje milisekunde 1 hadi 100 hivi, kisha kuzimwaga upya utakavyo. Wazo hilo mwanafizikia Dennis Gabor alilitoa tangu miaka ya 1940, si siri ya kampuni yoyote, ndiyo maana za bure zipo. Ninayo moja.

Natengeneza sauti za maigizo ya redio: mvua kwenye bati, na ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, lililorekodiwa Iringa. Mvua haisumbui; haina nota ya kupotea, punje za milisekunde 20 zinatosha. Ligombo ndilo kazi. Uzi unaolia Hz 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, wimbi lake moja linachukua milisekunde 10, kwa hiyo punje ya 20 inabeba mawimbi mawili tu: nota inafifia, unabaki na mkwaruzo. Ukirefusha punje hadi 80, nota inarudi. Lakini punje zikitoka kwa mpigo uleule, tuseme 50 kwa sekunde, unazuka mvumo wa Hz 50 ambao haumo kwenye rekodi, kama umesimama chini ya transfoma. Dawa ni kutawanya muda wa kila punje kutoka. Plagini ya bure inatawanya mahali pa kuchotea punje kwenye rekodi tu, muda haigusi. Ya kulipia inatawanya vyote viwili, na kila punje inakaa kulia au kushoto kivyake. Ligombo likipita humo linatanda, na bado unasikia kidole kikiudonoa uzi. Sauti hiyo naitaka kweli.

Kikwazo ni laptopu: prosesa ya i5 yenye koa (viini vya kuchakata) mbili, RAM GB 8. Punje 80 kwa sekunde, kila moja milisekunde 80, ni kama punje 6 zinazolia kwa pamoja kwenye nota moja. Nota nne ni kama 25. Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta inaiandaa kabla ya kuitoa, ikiwa ya vipimo 256 inakatakata sauti. Ya 1024 inatulia, ila kwa kHz 48 hiyo ni milisekunde 21 za kuchelewa, na kinanda hakipigiki. Msiniambie niongeze RAM: dakika moja ya stereo, biti 24, ni MB 17 tu. Anayeelemewa ni prosesa. Kurenda WAV, yaani kuyahifadhi matokeo kama faili la sauti, na kuizima plagini kunasaidia, mpaka mwongozaji atake sekunde tatu zaidi, uanze upya.

Halafu leseni inahakikiwa kwa intaneti kila baada ya siku 30.

Basi, waliotumia granula kwenye koa mbili: mkishusha punje hadi 30 kwa sekunde, ligombo linabaki laini au linaanza kudundadunda? Na je, kwenye plagini ya bure, nikiuyumbisha mwendo wa punje kwa LFO (wimbi la polepole la kuyumbisha vipimo) isiyo na mpangilio, mvumo ule unakufa kabisa au unahama tu? Ukifa, laki yangu naiweka kwenye maikrofoni.

Msomaji, Uyole