Nyambizi ya Nemo ilikuwa ya betri jamani

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linanikera. Hizi filamu za riwaya za Jules Verne, yule mwandishi Mfaransa wa karne ya 19, mbona zinamgeuzia sayansi yake, alafu watu wanamsifia eti alitabiri nyuklia? Chukua ile ya Marekani ya 1954, 20,000 Leagues Under the Sea, stori inaanza 1868 lakini mwishoni kisiwa kinalipuka na wingu la uyoga, yani bomu la atomu kabisa, wakati mwanafizikia Becquerel kule Ufaransa aligundua mionzi ya urani 1896, miaka 28 baadae! Kwenye kitabu Kapteni Nemo, mwenye nyambizi, anaeleza mwenyewe, chombo chake Nautilus kinaenda kwa umeme wa betri, sodiamu ya hizo betri anaitoa kwenye maji ya bahari anaichanganya na zebaki, na makaa ya mawe ya kuitengenezea anachimba hukohuko chini ya bahari. Mimi naona hiyo kemia ni tamu kuliko ule mtambo wa kung'aang'aa wa kwenye filamu. Sawa, mwaka huohuo Marekani ilishusha majini nyambizi ya kwanza ya nyuklia na ikaitwa Nautilus pia, kwahiyo tamaa yao naielewa, ila si wangemwachia mzee betri zake?

Msomaji wenu