Kanuni za maadili zipate wasimamizi

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu uhaba wa wanawake katika jamii za programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote kuuchangia) imegusa penyewe, ila dai kwamba "hawajitokezi" halisimami. Utafiti kuhusu GitHub, tovuti ambako miradi hiyo huhifadhiwa na kuchangiwa, uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa msimbo wa wanawake wageni mradini ulikubaliwa kwa asilimia 71.8 jinsia yao ilipofichika, lakini ilipotambulika, kwa asilimia 62.5 tu.

Kanuni za maadili si haba. Hata mradi wa kiini cha Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, ulizipitisha 2018. Kinachokosekana ni msimamizi. Kila mradi uteue angalau watu wawili wa kupokea malalamiko, asiwemo kiongozi wa mradi, kwa kuwa huenda ndiye anayelalamikiwa. Na mhakiki anayekataa msimbo autaje mstari wenye kasoro. "Haifai" tupu si uhakiki.

Wako,
Msomaji na mhakiki wa msimbo