Barua kwa mwanangu Salim, kuhusu bastola

Tanga

Mwanangu Salim,

Sisi hatujambo, na goti la mama yako limepoa kidogo. Siku ile uliponipigia sikukujibu vizuri kwa sababu mama yako alikuwa ubavuni. Aliposikia neno bastola alianza kulia. Kuvunjiwa kwa jirani yenu hapo Houston kumemtisha hata yeye aliye huku.

Sikukatazi. Una mke na mtoto, una karatasi za ukaazi wa kudumu, na sheria ya huko inakuruhusu. Ila nimeshika silaha jeshini miaka mingi, kwa hiyo nisikilize.

Usichague kwa macho. Muuzaji atakuonyesha kibastola cha kuingia mfukoni. Chepesi namna hiyo hurukaruka mkononi, na risasi ya pili huenda isikotakiwa. Kwa nyumbani chukua ya ukubwa wa kawaida, ya milimita 9. Risasi zake si ghali kama nyingine nyingi, nawe utazimaliza nyingi kwenye shabaha. Nenda na mkeo Mwanaidi. Kama hawezi kuikoki, yaani kuivuta sehemu ya juu nyuma ili risasi iingie, kwa mikono yake mwenyewe, hiyo si ya nyumba yenu. Revolva, ile ya silinda inayozunguka, haina shida hiyo, lakini kifyatulio chake ni kizito na kinataka mazoezi.

Nikiwa kuruta, mwenzangu alichomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akaamini bunduki ni tupu. Risasi moja ilikuwa imebaki kwenye chemba, nyuma ya mtutu. Ilichimba mchanga hatua moja kutoka miguuni mwangu. Tangu siku ile kila silaha kwangu ina risasi, hata niliyoikagua sasa hivi. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshaamua, na mtutu usielekee chochote usichokuwa tayari kukiua.

Sasa kuta. Nilipokuja kwenu nilizigonga: mbao na jipsamu tu, si tofali kama huku. Risasi itapita ukuta wa kwanza na wa pili, na nyuma ya huo wa pili analala Aisha. Zunguka nyumba mchana ujue utasimama wapi na risasi itaishia wapi. Usiku ukisikia kishindo, mchukueni mtoto, mjifungie chumba kimoja, mpige 911, namba ya dharura ya huko. Usitoke kumfuata mwizi kwa ajili ya televisheni, mwanangu. Aichukue.

Juu ya kabati si mahali pa kuficha kitu mbele ya mtoto wa miaka minne. Nunua kisanduku cha chuma cha kufungua kwa namba, ukikaze kwa skrubu karibu na kitanda. Texas inamhesabia kosa mtu mzima ambaye kwa uzembe wake mtoto wa chini ya miaka 17 ameifikia silaha yenye risasi. Na mdogo wako Yusufu asijue namba hizo. Yuko kwa viza ya mwanafunzi, na sheria ya shirikisho, ya Marekani nzima, isipokuwa kwa hali chache, inamkataza kumiliki silaha. Usimponze akafukuzwa nchi.

Ukielemewa na mawazo kama mwaka jana ulipokosa kazi, itoe bastola nyumbani kabla hujanipigia simu. Nipigie hata saa nane za usiku.

Tunakuja Julai, inshallah. Mama yako huamka saa kumi alfajiri kutia udhu, hupita ukumbini polepole, na hapendi kuwasha taa.

Baba yako