Barua kwa Mwanakombo: hiyo orodha yako ya nafasi

Observatory, Cape Town
8 Machi 2026

Shoga yangu Mwanakombo,

Salaam aleikum. Natumai u mzima na nyumbani wote hawajambo. Sisi huku tuko salama, ila upepo wa kiangazi bado unatutesa; ukitoka na buibui unarudi nalo limekufunga miguu.

Ile orodha uliyonitumia, ya nafasi za kuingia kwenye astronomia, elimu ya nyota, nimeisoma yote. Umekusanya kila kitu: skolashipu, shule za wiki mbili tatu, makongamano, utafiti wa Ujerumani, hata ule ufadhili wa NASA wenye jina la Hubble. Nilicheka, kisha nikakuhurumia, maana najua hizo fomu unazifungua usiku ukishamaliza kusahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Sasa nisikilize: futa zaidi ya nusu.

Wa Hubble, na ule wa ESO, kituo cha Ulaya cha kutazama nyota, wa kukaa Garching kule Ujerumani au Chile, ni za mtu aliyemaliza uzamivu au anayekaribia kumaliza. Mwenzangu ninayekaa naye yumo humo. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba aliandika maombi hadi kula akasahau, halafu Januari nzima kazi yake ikawa kuchungulia simu. Wanaotoa nafasi hizo wana desturi yao kwamba mtu hashurutishwi kukubali wala kukataa nafasi kabla ya 15 Februari, basi ikikaribia siku hiyo nyumba nzima hatupumui. Yako bado. Uanachama mdogo wa IAU, yaani Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, nao uweke kando kwa sababu hiyo hiyo. Na wale wawili waliokuita "Mheshimiwa Profesa" na kukualika kuwa mgeni wa heshima kwa kulipia usajili kwa dola, hao ni wafanyabiashara, wapite tu.

Kwa ulipo sasa, mlango ulio karibu ni NASSP, huu niliopitia mimi. Ni mpango wa vyuo vya Afrika Kusini ulioanza 2003: mwaka mmoja wa honazi, daraja lililo kati ya digrii ya kwanza na uzamili, kisha miaka miwili ya uzamili wenyewe. Najua utaniuliza, nina digrii ya miaka minne ya Kenya, honazi ya nini tena? Wakenya wote tunaokuja huku twaanza na swali hilo. Lakini ule mwaka unakulisha mambo ambayo fizikia yetu huyapita juu juu: statistiki ya kweli kweli, namna dishi za redio zilizoachana kilomita kadhaa zinavyounganishwa zikawa jicho moja, na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kila siku ya Mungu mpaka vidole vizoee. Kuhusu fedha, watazame SARAO, shirika la darubini za redio la Afrika Kusini, wanaoendesha MeerKAT, zile dishi 64 za nyika ya Karoo zilizozinduliwa 2018. Mradi huo umekuwa ukisomesha vijana tangu 2005, na Kenya imo katika nchi nane za Afrika zilizoshirikishwa na Afrika Kusini kwenye SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio. Soma masharti ya mwaka unaoomba, si ya mwaka jana, hubadilika. MeerKAT yenyewe itaingizwa ndani ya SKA itakayokuwa na dishi 197 upande huu, kwa hivyo watu watahitajika. Hilo halinitii shaka.

Lakini shoga, orodha yako ina kasoro moja iliyonikosesha raha. Ina tarehe, ina viungo, ina kiasi cha pesa, na haina jina la binadamu hata mmoja.

Karibu kila fomu humo itakudai barua mbili au tatu za watu wanaokujua. Mwalimu aliyekufundisha ukumbini na wenzako mia mbili ataandika kwamba wewe ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu, na ulipata A. Ni kweli, na haitakusaidia kitu, kwa sababu waombaji wote wana barua hiyo. Barua inayofungua mlango ni ya mtu aliyekuona umekwama. Anayeweza kuandika: hesabu ilimgomea, akarudi kesho yake na njia nyingine, na alipogundua kosa lilikuwa kwenye data na si kwenye hesabu alikuja kuniambia kabla sijamuuliza. Sasa jiulize, ni nani hapo Kenya anaweza kuandika maneno hayo juu yako? Kama hayupo, kazi yako ya mwaka huu ni kumpata, wala si kujaza fomu.

Na ili mtu akuone ukifanya kazi, lazima kazi iwepo. Ninayo ya kukupa, na haitaki darubini. Gaia, chombo cha Shirika la Anga la Ulaya, kilikuwa kikipima mahali pa nyota na mwendo wake mpaka Januari 2025. Toleo la tatu la data zake, la 2022, lina nyota karibu bilioni 1.8, bure kwa yeyote mwenye intaneti. Chukua kipande cha anga kilichozunguka Kilimia, kile kishada cha nyota, nyuzi mbili kila upande. Utapewa nyota chungu nzima, na nyingi hazihusiani na Kilimia, ziko mbele yake au nyuma yake kabisa. Chuja. Baki na zile ambazo paralaksi yake, yaani jinsi nyota inavyoonekana kuhama kidogo dunia ikilizunguka jua, inakaribia milisekunde 7.4 za tao, kipimo kidogo mno cha pembe, kisha uchore jinsi kila moja inavyosogea angani kwa mwaka. Nukta zitatapakaa ukurasa mzima, lakini mahali pamoja utaona kifundo kilichoshikana: nyota zinazosafiri pamoja, zote zikielekea upande mmoja. Hizo ndizo zenyewe. Sasa zichukue hizo peke yake, uchore rangi na mwangaza wake. Utaona mstari ukijitokeza kutoka nyota za buluu kali upande wa juu kushoto, ukishuka hadi nyekundu hafifu chini kulia. Nilipouona mstari huo kwenye laptopu yangu mwenyewe nilimwamsha mwenzangu saa saba ya usiku.

Kutokana na paralaksi hiyo, umbali utakujia kama miaka ya nuru 440. Hapo usiishie. Jiulize umekata wapi na kwa nini: ukipanua chujio kidogo, nyota ngapi za uongo zinaingia? Ukilibana, ngapi za kweli unazipoteza? Hilo ndilo swali la utafiti. Mchoro ni mapambo. Andika kurasa nne, ulichofanya, ulichopata, na usichokiamini. Programu uliyoandika iweke kwenye mtandao wa GitHub, wengine waione. Halafu mpelekee mwalimu wako wa chuo, umuombe aikosoe. Akishaikosoa mara mbili, huyo tayari ana jambo la kuandika juu yako. Ukimuomba barua, mpe mwezi mzima, mpe na tarehe ya mwisho kwa maandishi makubwa, na umkumbushe wiki moja kabla bila haya. Walimu wetu wana madarasa yamejaa hadi mlangoni. Kusahau si ubaya wao.

Ndiyo maana kwenye orodha yako mimi ningepandisha shule fupi juu ya makongamano. PASEA, kwa mfano, ile shule ya Afrika kwa wanaastronomia chipukizi. Ilianza 2013 kule Nigeria ikiwa ya Afrika Magharibi pekee, sasa ni ya bara zima. Haingoji uwe umefika uzamili. Mnakaa pamoja, mnapewa swali na data, mnaachwa mhangaike, na walimu wanapita wanawatazama mkihangaika. Ile ya IAU, ISYA, ni ya wiki tatu na ipo tangu 1967, ila inawafaa zaidi walio kwenye uzamili na uzamivu, kwa hivyo iweke ya mwaka ujao au ule mwingine. Ukikaa na mtu mezani muda wote huo, jina lako halimtoki.

Makongamano siyadharau. Agosti 2024 mkutano mkuu wa IAU ulikuja hapa Cape Town, mara ya kwanza Afrika tangu ule wa mwanzo wa Roma 1922, nami nilibandika bango la kazi yangu ya honazi. Ukumbi umejaa, wakubwa wa fani wanasalimiana wao kwa wao, wanajuana toka zamani. Siku nzima watu walipita wakisoma kichwa cha habari na kwenda zao. Jioni akaja mama mmoja mtu mzima, kikombe cha kahawa mkononi, akainama, akaweka kidole juu ya nukta moja iliyokaa mbali na mstari. "Hii mbona umeiacha nje?" Hakuniuliza natoka wapi, wala msimamizi wangu ni nani. Tukabishana mpaka wakaanza kuzima taa. Huyo mpaka leo nikimwandikia hunijibu. Lakini ona, mimi nilipanda treni ya mtaani kwenda na kurudi. Mkutano ujao ni Roma tena, Agosti 2027, na nauli ya kutoka Malindi si mchezo. Ukienda, nenda na bango, na uwe umeomba msaada wa safari mapema. Chama cha Astronomia cha Afrika, AfAS, nacho hukutana kila mwaka, na ni rahisi zaidi kwa mgeni. Watu wachache, na aliyekaa kando yako kwenye chakula huenda ndiye anayetafuta mwanafunzi.

Hapo kwenye msaada wa safari kuna mtego ambao hakuna anayeuandika kwenye tangazo. Wapo wanaokukatia tiketi wenyewe, na wapo wanaotaka ununue wewe kisha wakurudishie baadaye ukileta risiti. Kuna waandaaji fulani walinikalisha miezi nikingoja hela yangu, na huku kodi ya nyumba haingoji. Kwa mshahara wa mwalimu wa BOM, anayelipwa na bodi ya shule, hiyo usiithubutu. Ukikubaliwa tu, waulize kwa adabu: mwaweza kunikatia tiketi nyinyi? Wengi hukubali, ila hawasemi mpaka uulize. Pasipoti nayo iombe sasa, kabla hujaomba chochote, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano uwe nayo. Huku bila hiyo kadi ukitoka Kenya hupiti.

Kuna moja nimeipigia mstari mara mbili, na wewe uliiweka mwisho kabisa: OAD, ofisi ya IAU ya kuutumia unajimu huu wa kisayansi kwa maendeleo ya watu. Iko hapa hapa Observatory, kwenye uwanja wa kituo cha nyota kilichoanzishwa 1820, nami hupita getini pake nikienda dukani. Kila mwaka hutoa fedha ndogo ndogo kwa miradi. Humo, ualimu wako si pengo kwenye wasifu, ni mtaji. Uko Malindi, mama! Sidhani darasani kwako yuko mtoto anayejua kwamba 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco hapo baharini Ngomeni, ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobeli 2002. Na 2 Agosti 2027 kuna kupatwa kwa jua. Luxor kule Misri litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika 6, kwetu pwani litaliwa sehemu tu, lakini sehemu hiyo yatosha kuwatoa wanafunzi nje na kuwapimisha. Mradi wa namna hiyo waweza kuuandika wewe, mimi siwezi, sina wanafunzi.

Basi kwa sasa nataka vitu viwili kutoka kwako: huo mchoro wa Kilimia, hata ukiwa umepinda, na ukurasa mmoja wa wazo la mradi. Nitumie kwa WhatsApp, usingoje upendeze.

Nisalimie mamako na watoto wote wa hapo. Na yule mwalimu wako wa mekanika ya kwanta, bado yuko chuoni au ameshastaafu?

Shoga yako,
Tima