Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali: mkono na kitabu visitenganishwe

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa uchoraji, nakuandikia kutoka Chake Chake. Ombi langu nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta: vyuo vyetu vya Zanzibar vinapopanga masomo ya sanaa za ufundi, kwa diploma au kwa shahada, basi uchoraji, uchongaji na historia ya sanaa viwe kozi moja, na mafundi wa visiwa hivi waruhusiwe kuifundisha hata wasiokuwa na cheti. Mengine yote humu ni sababu zangu.

Nianze na Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Wanafunzi wa skuli wanapelekwa pale, wanaambiwa msikiti ni wa zamani sana, wanapiga picha, kisha macho yote baharini kuwatafuta pomboo. Kwenye kibla yapo maandishi ya Kikufi, khati ya kale ya Kiarabu, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Yamechongwa kwenye tumbawe. Sasa, tumbawe likitolewa baharini bichi huwa laini, linakubali kisu na patasi ndogo. Likikaa hewani linakuwa gumu. Fundi wa Kizimkazi basi hakuwa na nafasi ya kusitasita. Kila herufi ilibidi aijue kabla hajaligusa jiwe, na nafasi kati ya herufi na herufi alishaipima kichwani. Mambo haya mwanafunzi anaweza kuyasoma kitabuni akayasahau baada ya mtihani. Mwanafunzi aliyewahi kuchonga plasta ikiwa inaanza kushika hayasahau, kwa sababu mkono wake umeshaonja haraka ile.

Wataalamu wameyalinganisha maandishi hayo na ya Siraf, bandari ya kale ya Uajemi. Je, alikuja fundi kutoka huko, au mwenyeji alijifunza mtindo wa huko akauchonga kwa jiwe la hapa? Swali kama hili halimalizwi na mtu wa nyaraka peke yake. Linamtaka anayejua patasi inaacha alama gani, na mkono uliozoea unatofautianaje na mkono unaoiga. Huyo ndiye mhitimu ninayekuomba.

Mimi nilisomea bara, na chuo sitakitaja kwa sababu walimu wake walinitendea wema mwingi. Historia ya sanaa tulisomeshwa kwa slaidi: picha inawekwa ukutani, unaandika jina la kazi, mwenye kuifanya, mahali na karne. Giotto, mchoraji wa Italia, nilimjua vizuri, pamoja na kile kikanisa cha Padua alichokichora kuta nzima mwanzoni mwa karne ya 14. Sijuti kumjua, na ningependa kila kijana wa Wete na Mkoani amjue. Ila kibla cha Kizimkazi kimemtangulia Giotto kwa karibu miaka 200 na hatukukiona kwenye slaidi hata moja. Darasa la uchoraji nalo lilikuwa jengo jingine, na mwalimu mwingine, na ratiba nyingine. Walimu hao wawili walikutana kwenye karatasi ya matokeo tu.

Kitu kimoja pale kilinifaa kuliko vyote. Tulipewa picha moja tukaambiwa tuandike kurasa mbili juu yake bila kufungua kitabu: jicho linaanzia wapi, linapelekwa wapi, giza limewekwa upande gani na kwa nini. Zoezi hili linaweza kuanzia kwenye kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukimuuliza binti wa mwaka wa kwanza kwa nini mji umeachwa wazi na pindo likajazwa, tayari ameshaingia kwenye somo la utungaji wa picha, na mifano yake iko kabatini kwa mama yake. Halafu mpe rangi atunge pindo lake mwenyewe, alibandike ukutani, wenzake waliseme mbele yake. Hiyo ya kusemwa ndiyo shule kubwa ya chumba cha sanaa. Inauma, lakini mwenye kuivumilia mwaka mmoja hajifichi tena nyuma ya neno “nimependa tu”.

Najua swali litakaloulizwa na wazee, maana huniuliza mlangoni mwa darasa langu: mwalimu, mwanangu unamfundisha masanamu? Mimi si mwanachuoni, na kauli za wanavyuoni nawaachia wenyewe. Ninachoweza kusema ni kwamba waliochonga milango ya Mji Mkongwe walikuwa Waislamu wengi wao, na hawakukosa la kufanya: mayungiyungi, mawaridi, minyororo, mitende, aya kwenye kizingiti cha juu. Chuo chetu kinaweza kuanzia hapo, kwenye jometri na khati, kikaendelea kwenye ngalawa, kitambaa, mkono unaosuka ukili, mvuvi aliyevaa nguo zake. Kule Ulaya mwanafunzi huchora mtu asiye na nguo ili ajifunze maumbile ya mwili. Hapa hilo halina haja ya kulazimishwa. Na kijana ambaye dhamiri yake inamkataza sura ya mtu asipoteze alama kwa ajili hiyo. Likiandikwa kwenye mtaala mapema, wazee wengi watatulia.

Sasa kuhusu mafundi, na hapa Mheshimiwa nakuomba usome taratibu. Yupo mtu Mji Mkongwe anayeujua mlango, mfaa wake wa katikati, mwimo na kizingiti, kwa kugusa tu. Anajua kwa nini mlango huu wa kichwa cha mraba ni wa kale na ule wa upinde ni wa mkono wa Kihindi uliokuja baadaye, anajua mfenesi unachongeka vipi na msaji unakataa wapi. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu mhadhiri anatakiwa awe na shahada za juu, kwa hiyo fundi huyu ataingia chuoni kutengeneza meza. Sisemi tuwavue wahadhiri vyeo vyao. Nasema iwepo nafasi rasmi ya mwalimu wa karakana, yenye mkataba, malipo na saa zake kwenye ratiba, na somo lake lihesabiwe kwenye alama za mwisho. Mhadhiri wa historia akae chumba hicho hicho, aandike anayoyaona na ayaulizie. Kwenye muziki tayari tumelifanya: chuo cha muziki cha DCMA, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kimewakalisha wajuzi wa taarab na vijana pamoja, na ala za kanuni na fidla hazikufa na wenyewe. Mabibi wa Pemba wanaoshona kofia za viua, kila kiua kikakaa kwa hesabu mahali pake, wanastahili mlango ule ule.

Gharama ya kukosa watu hawa tumeshaiona. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Sababu zake wanazo wahandisi, sizikisii. Ninachokijua ni cha mtaani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinapumua, na mwenye nyumba akizipaka saruji maji yananaswa ndani, chokaa kinaoza taratibu nyuma ya ukuta unaoonekana mpya. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Mwanafunzi wa historia ya sanaa aliyechanganya chokaa kwa mikono yake angekuwa mlinzi wake wa karibu kuliko kibao chochote.

Watauliza pia atakula nini. Atafundisha, atafanya kazi makumbusho, atachora vitabu vya skuli, atabuni kanga, atapamba mahoteli. Na huenda tukapumzika na ile picha ya Wamasai wembamba wenye mikuki iliyojaa kila duka la Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, moja kama nyingine. Simlaumu anayeiuza, ana watoto. Edward Saidi Tingatinga, mwenye mtindo wa picha unaoitwa kwa jina lake, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alikuwa akibuni. Wanaonakili leo hawajapata mtu wa kuwaonyesha tofauti.

Nikukumbushe na Lubaina Himid, msanii wa uchoraji aliyezaliwa Unguja mwaka 1954. Alichukuliwa Uingereza akiwa mtoto mchanga, akasomea ubunifu wa jukwaa, halafu historia ya utamaduni, yaani mkono na kitabu, na mwaka 2017 akashinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Kanga imo kwenye kazi zake. Yeye alivikuta vyote viwili Uingereza, na sisi tunashangilia jina lake kila likitajwa.

Jengo jipya sikuombi. Naomba chumba chenye maji ya bomba, meza zisizoogopa rangi na kabati la kufunga kwa ufunguo, katika chuo kilichopo. Naomba mwombaji apokelewe kwa michoro yake pamoja na alama zake, maana mwenye C ya hesabu anaweza kuwa na jicho ambalo mwenye A hana. Naomba usaili ufanyike Chake Chake pia, kwa sababu nauli ya boti imeshawazuia watoto wengi wa Pemba kuonyesha walichonacho. Na mikopo ya elimu ya juu iwafikie wanafunzi hawa kama inavyowafikia wengine, kwa kuwa rangi na karatasi ni ghali kuliko vitabu.

Ofisi yako ikitaka kuanza kwa majaribio ya mwaka mmoja, mafundi wa Pemba walio tayari kufundisha nimeshazungumza nao. Majina nitayaleta mwenyewe wizarani siku nitakayoitwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa uchoraji
Chake Chake, Pemba