Kiungulia si vidonda vya tumbo, na omeprazoli haimezwi wakati wowote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kiungulia kisichoisha. Mtu akisema kifua kinawaka moto kila akila, mtaani jibu huwa moja tu: una vidonda vya tumbo. Basi ananunua dawa za vidonda mwaka hadi mwaka, kumbe kinachoungua ni umio, ile njia ya chakula. Pale umio unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo unaobana ili chakula kisirudi. Ukilegea, asidi hupanda. Tumbo lina ute wa kujikinga na asidi hiyo, umio hauna kinga ya namna hiyo.

Wapo wanaouona ugonjwa huu kuwa mdogo, nami nawapinga. Anayeungua usiku halali. Asubuhi anaamka na ladha chungu mdomoni na sauti inayokwaruza, na kikohozi kikavu ambacho kimeshatibiwa kwa antibayotiki mara tatu bila nafuu. Kazi ya kuinama, kama kufua au kupalilia, humpandishia asidi hadi kooni. Shughulini anaogopa kugusa pilau, watu wakadhani anaringa.

Dawa ipo, ila wengi huitumia vibaya. Omeprazoli huzima pampu za asidi tumboni, na huzishika vizuri zaidi zile ambazo chakula kimeziamsha. Kwa hiyo dawa inatakiwa iwe imeshaingia kwenye damu kabla hujala: kapsuli ya miligramu 20, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya asubuhi. Anayeimeza baada ya mlo, au siku ile tu anapoungua, anapata sehemu ndogo ya faida yake. Chembechembe za ndani zisitafunwe wala kusagwa, kwa sababu asidi ya tumbo huiharibu dawa kabla haijafika utumboni. Na siku ya kwanza haizimi pampu zote; nafuu kamili huchukua siku tatu, nne. Wengi huacha siku ya pili wakisema imegoma.

Kawaida dozi ni ya wiki 4 hadi 8. Aliyeitumia miezi mingi akiiacha ghafla, tumbo huweza kutoa asidi nyingi kuliko awali kwa wiki kadhaa. Anadhani ugonjwa umerudi, anakimbilia dukani, na hapo ndipo watu hunasa kwa miaka. Muulize daktari wako kuhusu kupunguza taratibu, kwa mfano siku moja unameza, siku inayofuata unaacha, kwa wiki mbili, na siku ya kuungua sana utafune kidonge cha magnesiamu cha kutuliza asidi. Wapo wanaohitaji omeprazoli kwa muda mrefu kweli, hao wasiogopeshwe. Wanachohitaji ni kufuatiliwa vitamini B12 na magnesiamu mwilini, maana vyote viwili vinaweza kupungua.

Hivyo vidonge vya kutafuna navyo vina jambo lisilosemwa dukani. Magnesiamu na alumini hunasa dolutegravir, dawa iliyomo kwenye ARV za wengi wetu, ikashindwa kuingia mwilini ipasavyo. ARV imezwe saa 2 kabla ya dawa hiyo ya tumbo au saa 6 baada yake. Omeprazoli haina tatizo hilo kwa dolutegravir, lakini huishusha sana atazanavir, dawa nyingine ya ARV.

Anayekwenda kupima Helicobacter pylori, bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, kwa kinyesi au kwa pumzi aache omeprazoli wiki 2 kabla, la sivyo majibu yanaweza kusema hana wakati anao.

Kitandani, mito mitatu haisaidii, inakukunja tumbo na kuongeza msukumo. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20, matofali au vipande vya mbao vinatosha, na lala ubavu wa kushoto. Chakula cha usiku kiliwe muda wa saa tatu kabla ya kulala. Kwa wengi hili ndilo gumu kuliko yote, maana tunakula tukirudi kazini.

Chakula kikianza kukwama kooni, ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au ukikonda bila sababu, usiongeze dawa. Nenda ukapimwe kwa kamera. Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo yenye saratani nyingi ya umio duniani. Na maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi pamoja na jasho la baridi ni ya kukimbizwa hospitali, si kiungulia.

Kwa wenzangu wa maduka ya dawa: ile "1x1" tunayoandika kwenye bahasha haimwambii mgonjwa lolote. Tuandike "nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, siku 28."

Mfamasia,
Tanga